Kuhesabu

Saa nane usiku, Chumbageni, umeme umekatika.
Semkiwa, mlinzi wa mkonge kule Pongwe,
kashuka kwenye bodaboda, mbwa kamfunga kotini:
"Kifutu. Mguu wa mbele. Anaitwa Watasema."

Namfunua mdomo. Ufizi umepauka kama tui la pili.
Nabonyeza kwa kidole, naachia, nahesabu:
moja, mbili, tatu, nne,
damu hairudi.

Daktari yuko Muheza, simu inakwaruza.
Namnyoa mguu mzima, napaka spiriti.
Sindano inakosa mshipa. Inakosa tena.
"Shika tochi, Semkiwa. Usimtazame yeye,
tazama mkono wangu."
Ya tatu inaingia.
Dripu, tone baada ya tone,
na mzee mwenye bunduki analia bila kujificha.

Nabonyeza: moja, mbili, tatu.
Nabonyeza: moja, mbili, tatu.
Adhana inaanza, nabonyeza:
moja, mbi...
wekundu huo!

Bombani nanawa mate yake,
mara saba, ya kwanza kwa udongo,
kama bibi alivyonifunza.
Jirani kaegemea ua:
"Mwantumu, umesomea kuuguza mbwa?"

Watasema.
Nakung'uta mikono, narudi ndani.
Pumzi zake bado sijazihesabu.