Jiwe Langu

Bi Winifred Tranter kaniletea pete dukani,
Hockley, Birmingham. Opali ina ufa.
"Mkosi," anasema. "Mie si wa Oktoba."
Mkosi gani? Ni maji ya moto ya vyombo!
Opali ina maji yake; ikikauka, hupasuka.
Vua kwanza, ndipo ushike sponji.

Na jiwe langu mimi?
Pasipoti yasema Januari mosi, basi garneti,
zawadi ya karani wa uhamiaji.
Mama alikumbuka Mfungo Sita tu,
na Mfungo Sita hauna kwao,
wahama majira: juzi zumaridi,
punde almasi, nisiyoimudu.

Namtajia bei ya jiwe jipya.
Anaivaa vivyo hivyo, na ufa wake,
anatoka mvuani bila glavu.