Jicho Kwenye Musine

Nimelifunga kwa mkanda kwenye shina la musine,
kimo cha goti kutoka ardhini,
pale kinjia cha kwato kinaposhuka kuelekea Yala.
Masika yalikuwa na siku nne.
Kumbikumbi walikuwa wametoka jana yake,
mbawa zao zimejaa kwenye nyayo za paa
kama maganda ya vitunguu siku ya pili ya harusi.

Wiki mbili. Kisha kadi.

Picha mia mbili na kumi na moja za jani.
Jani moja, lilelile, likiitikia upepo
kama mtoto aliyeambiwa akiulizwa aseme ndiyo.
Katikati yake, kima: uso mzima, tundu za pua,
analikagua jicho langu
kana kwamba ndilo lililopotea njia.
Nyuma ya jani, nusu nungunungu.
Nyuma ya jani, mkia tu,
wa fungo, au wa kitu nilichotaka kiwe fungo.

Kamera huanza kuhesabu saa usiku wa manane.
Mimi, kama mama yangu, naanzia jua.
Ikiandika mbili nasoma nane,
kwa hiyo kila mnyama hapa msituni hupita mara mbili,
kwa saa yake na kwa yangu.

Jumanne, kumi na moja kasorobo, bado giza:
miguu miwili.
Jembe la mpini mfupi.
Leso imefungwa kifuani, haina rangi
kwa sababu usiku jicho hili halijui rangi,
ila maandishi yanasomeka, RIZIKI HAI,
mengine yamemezwa na mkunjo.
Sikuhitaji mengine.
Leso hiyo niliinunua mimi, sokoni Khayega,
Shangazi Imali alipotoka hospitali.

Anachimba mukombero.
Bila kibali, bila haraka, amepiga magoti
kama anayemvua mtoto viatu.
Picha ya tatu, anakata nusu ya mzizi.
Ya nne, anairudishia nusu nyingine udongo,
anaukanyaga kwa kisigino.
Ya sita, ameniona.
Yaani ameliona jicho. Anainama, karibu sana,
ile kovu ya kidevuni, yale macho yanayong'aa
sawasawa na ya paa.

Ya saba ni mkono wake
unalichuma lile jani.

Tangu hapo, njia nyeupe.
Nungunungu mzima, miiba imelowa.
Fungo, ni fungo kweli, ana shughuli zake.
Paa na mwanawe, mwana hajajua bado
miguu yote ile ni ya nani.

Ijumaa, ofisini Isecheno, Bwana Shitsama
alitaka hesabu. Nikajaza fomu.
Kima kumi na wanne. Fungo watatu. Paa, na mwana.
Chini kabisa palikuwa na mstari wa Wengineo.
Kalamu ilikaa pale muda mrefu.
Nikaandika: jani, moja.
Akacheka, akapiga muhuri.
Sijui nilimdanganya au sikumdanganya.

Jumamosi nilikuta mzizi mezani kwangu,
umeoshwa, umefungwa kwa gazeti.
Mtu hayupo. Mlango umerudishwa vizuri.
Nikatafuna. Mwanzo uchungu, ulimi ukakataa,
halafu nikanywa maji ya kawaida ya mtungi
na yakawa matamu, sijui kwa nini huwa hivyo.

Betri mpya ziko mfukoni.
Kesho nitalirudisha jicho,
labda hatua kumi upande wa juu,
labda palepale.
Saa tisa mvua ikaja, saa tisa yangu.