Fani: Maji

Kwenye fomu ya kwanza niliandika udaktari
kwa sababu mjomba Tsuma ndiye aliyelipia saiba,
na anayelipia saiba ana kauli.
Shilingi mbili kwa dakika, feni inapuliza joto,
nami nachapa kwa kidole kimoja:
ufadhili, chuo, msichana, maskini.
Hilo la mwisho lilinikaa kooni kama mwiba wa tafi.

Zikaja kurasa kama kumbikumbi baada ya mvua.
Hawa wanataka umri usiozidi kumi na minane;
nilikuwa nimeuvuka kwa wiki tatu.
Yule anataka elfu mbili "za kushughulikia faili".
Mjomba akasema tuma.
Nikasema apaye hatozi.
Dakika zikaisha, skrini ikafunga mdomo.

Fomu ya pili, sheria. Ya tatu, uhasibu.
Ya nne niliandika "kozi yoyote",
nikajibiwa siku ya pili, mstari mmoja:
hatuna fungu la kozi yoyote.

Bi Saumu wa maktaba, miwani imefungwa uzi,
alilisoma jibu lile akacheka, si kwa dharau,
akanivutia kiti na mgongo wa kalenda ya mwaka jana.
"Unakwenda sokoni Kongowea unasema nipe chochote.
Wa vitunguu atakujuaje? Na wa mbata?
Pesa hizi, mwanangu, kila moja ina kazi iliyoizaa.
Kuna ya wauguzi, kuna ya wapima ardhi,
kuna ya watakaojua kwa nini mikoko ya Tudor inakauka.
Acha kuuliza nani anatoa.
Wewe kinachokukera ni nini?"

Kinachonikera.

Baba husukuma mkokoteni Mshomoroni,
mitungi ishirini ya manjano,
kilo mia nne juu ya magurudumu ya gari lililokufa.
Mimi ndiye mshika daftari tangu darasa la tano:
Mama Chizi, deni mitungi mitatu.
Kisima cha Mbwarali, chumvi, chai haikubali.
Kisima cha nyuma ya kiwanda, kitamu hadi Februari,
sasa sabuni haitoi povu.
Sikujua kama ile ni elimu.
Nilidhani ni madeni.

Nikaandika: maji.
"Maji gani?" akauliza. "Ya bomba? Ya mvua? Ya maradhi?"
"Yaliyo chini.
Nataka kujua chumvi inaingilia mlango gani."

Basi tukatafuta kwa jina hilo.
Yakatoka tisa tu. Sita tarehe zimepita,
moja la nchi ya theluji na lugha nisiyoijua,
moja la watoto wa wafanyakazi wa bandari.
Moja likabaki, wazi, limetulia
kama bomba la mtaa linalotoa maji saa tisa usiku
na hakuna aliyeambiwa.

Mahali pa jina nikajaza Nyevu Kitsao.
Kijana wa saiba akadhani nimekosea kisanduku,
nimejibu swali la fani.

Wakauliza: kwa maneno mia tatu, kwa nini umechagua hii?
Sikuandika maskini.
Nilipiga picha daftari, kurasa kumi na moja,
tarehe, kisima, ladha, povu,
na alama ya mafuta pale nilipoandika huku nala kaimati.
Baba alipoambiwa deni la Mama Chizi limefika Nairobi
akauliza, kwa hiyo sasa atalipa?

Jibu halijaja.
Mjomba Tsuma anasema ningekomaa na udaktari,
na pengine wao pia watasema hapana, kwa adabu zaidi.
Bi Saumu amenipa majina mengine mawili,
la pili linafunguliwa Septemba.

Asubuhi hii wamechimba kisima kipya karibu na msikiti.
Fundi amenijazia kikombe kabla ya mtu yeyote.
Nimeonja, nimesubiri ulimi uamue,
nimefungua ukurasa wa kumi na mbili:
chumvi kidogo, upande wa nyuma wa ulimi.
Povu lipo.
Rudi tena Jumanne.