Kumi na Tisa

Kula, Clovis.
Nimezihesabu mwenyewe, nusu kumi na tisa
kwenye kisahani cha kikombe kilichovunjika,
zina mikunjo kama paji lako la uso
ukisoma bili ya umeme.

Usiniangalie hivyo. Sukari hakuna,
siagi hakuna, wala shira ya kuchemshwa
mpaka ivute uzi kijikoni.
Leo pekani ni pekani,
kama Mungu alivyoiumba siku aliyokuwa na haraka
akasahau kuipiga pasi.

Yule daktari Fontenot, kijana mwenye ndevu za kuazima,
alipotaja mafuta mazuri nilimkatiza:
mafuta ndiyo yaliyomleta hapa mume wangu,
utamtibu mafuta kwa mafuta?
Akacheka. Akasema mafuta si ukoo mmoja.
Kuna yanayoganda mshipani kama nta,
na kuna haya, ya kokwa,
yanayopita kama wageni wenye adabu:
hodi, karibu, kwaheri, hawaachi uchafu.
Na nyuzinyuzi, akasema,
kwa ajili ya lile tumbo lako
lililogoma tangu Pasaka.
Na zinki, na magnesi, na shaba.
Shaba, Clovis!
Miaka yote unaziweka senti kwenye chupa ya dirishani,
kumbe nyingine tulikuwa tukiiuza ndani ya ganda.

Tulikuwa tukiiuza.
Nakumbuka Novemba za kwa akina Desloge,
baba yako juu ya ngazi na ufito wake mrefu,
mvua ya kokwa ikikupigeni vichwani,
ninyi mmepiga magoti kwenye majani ya baridi,
vidole vimeiva weusi kwa maji ya maganda.
Mama yako alikushoneeni suruali zisizo na mifuko
msije mkajisahau.
Kila ratili ilikuwa na jina: hii ya kodi,
hii ya viatu vya Alcide, hii ya deni la dukani.
Magunia yakapanda gari moshi
kwenda kulinda mioyo ya watu wa Chicago,
nasi tukarudi mezani
kwa unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe.

Alcide alikuwa na miaka arubaini na tisa.
Trekta la kutikisia miti lilikuwa bado linanguruma
walipomkuta ameulalia usukani.
Tani ngapi zilipita mikononi mwake?
Sisemi zingemponya. Daktari naye hasemi.
Kokwa si hirizi.
Nasema tu kwamba kilichokuwa chakula
tulifundishwa kukiita pesa,
na pesa hailiwi.

Basi kula, lakini kwa kiasi.
Kumi na tisa, si bakuli.
Hii ni nguvu ya mtu anayebeba magunia,
na wewe siku hizi unabeba rimoti.
Tafuna taratibu. Ule uchungu kidogo
wa ngozi yake ya kahawia, usiuteme,
huko ndiko kinga ilikojificha.
Umeona? Utamu unakuja baadaye,
wenyewe, bila kuitwa.

Jambo moja.
Jana nikifua koti lako la buluu
nimekuta kokwa tatu mfukoni.
Siku tatu, kumi na nane kumi na nane.
Sikukuuliza.
Najua asubuhi unapitia njia ya makaburini,
na kindi wa pale, karibu na jiwe la Alcide,
wamenenepa hadi wanapanda mti kwa kupumzika.

Kwa hiyo hebu hesabu tena hicho kisahani.
Ndiyo. Nilikudanganya.
Ziko ishirini.