Pijo ya Sitini na Nne

Afande Mfinanga anapiga magoti,
anasugua chesisi kwa msasa;
namba inachomoza tarakimu kwa tarakimu
kama meno ya mtoto.

"Ya mwaka gani?"
Sitini na nne.
"Shikamoo yake, basi."

Breki ya mkono inashika.
Honi inakohoa, mbuzi wa jirani anaitikia.
Indiketa ya kulia inakonyeza,
ya kushoto imenuna.

Ushuru nililipa bandarini, ndama wawili wakaenda nao.
Bushi kachonga fundi Shoo
kwa jicho tu, akipiga mluzi.

"Rudi Jumatatu. Hiyo ya kushoto iwe imeamka."

Nashika barabara ya Kiborloni,
kwenye kona nazungusha mkono dirishani
kama baba alivyonifundisha.
Muuza ndizi anadhani namsalimu.
Anapunga.