Rafadha ya Nne

Nagib sonara anaondoa bangili ya watu kwenye mizani,
anapuliza vumbi la dhahabu, anasema: weka.
Naweka. Mbawa mbili za balsa, shubiri mbili ncha kwa ncha.
Namba zinasita, zinashuka, zinatulia:
sifuri, nukta, tatu moja.
"Kipini cha mtoto kinaishinda hii," asema,
wala hanitozi. Hajui bei ya kupima pumzi.

Ya kwanza ilifika gramu nzima.
Niliichonga nene, nikaipaka gundi mara mbili,
nikaisifu kwa ugumu: haipindi hii!
Nikausokota mpira mizunguko elfu na mia mbili,
nao ukaitoa yote kwa pupa.
Ndege ikapanda wima, ikagonga boriti ya ukumbi,
ikarudi chini, pua mbele. Sekunde thelathini na nane.
Mwakio mwenye funguo akafagia vijiti
bila kuuliza kama bado navitaka.

Ya pili sitaki kuisema.
Ya tatu niliikwaruza kwa wembe usiku kucha Kibokoni
hadi ikapapatika hewani kama ulimi wa mwongo.

Hii ya nne nimeusogeza uti wake nyuma,
karibu na ukingo, ili uso wa mbele
upate nafasi ya kukubali.
Mpira ukiwa na hasira, bawa linajipinda,
linachota hewa tonge kubwa, linazunguka taratibu.
Hasira ikipoa, linanyooka lenyewe,
linaridhika na kidogo.

Saa sita mchana, Tononoka, mwezi wa tatu.
Madirisha yamefungwa. Pangaboi sita zimezimwa.
"Mombasa hii, Swafiya, unazima pangaboi?"
Jasho la Mwakio linadondoka, nalo nalihofia:
tone moja ni zito kuliko rafadha yangu.

Naachia.

Haikuruka. Iliondoka tu,
kama mtu anayetoka msibani asiamshe wenyeji.
Duara, duara, kila duara juu kidogo,
chini ya boriti ikakaa, haikugusa.
Dakika ya nne Mwakio alikuwa ameketi sakafuni.
Dakika ya saba nilikuwa nahesabu mizunguko kwa macho,
bawa kwa bawa, lilivyopungua mwendo.

Kisha mlango ukafunguliwa.
Viti vya harusi, mia mbili, na upepo wa nje pamoja navyo.
Ndege ikasukumwa kando, ikatua
juu ya panga la pangaboi la tatu, ikanyamaza.

Ngazi hakuna. Kesho, akasema Mwakio.

Wanasema usiku joto lilipozidi
shangazi wa bibi harusi aliwasha swichi, namba moja.
Kitu kikashuka polepole juu ya sinia ya biriani,
kikazunguka mara mbili kabla ya kutua,
na mtoto mmoja akalia kutaka kirushwe tena.
Muda haukupimwa.