Kuku wa Aikande

Aliniletea ndani ya boksi la sabuni,
kuku mwenye ndevu mashavuni kama katekista wa Kibosho.
Hashikiki. Nyoosha mkono, yuko juu ya mgomba.
Wiki tatu nilimwita kwa pumba, kwa mahindi, kwa matusi;
akanitazama kwa jicho moja,
la pili limebaki la mwewe.

Asubuhi ya ukungu, chini ya mibuni,
yai. Buluu. Bado lina joto.
"Umelipaka rangi?" akauliza Mama Ndeshi.
Kiboriloni halikupata mnunuzi.
Nikalikaanga: kiini kilekile cha manjano.

Siku hizi simfukuzi.
Nakalia ndoo, namenya ndizi, natazama pembeni.
Husogea, hatua,
hatua,
akadonoa kamba ya kiatu changu,
kisha akajifanya hanijui.